Siku Tatu za Mngurumo

Zita alimwamkia Mzee Qamara siku tatu mfululizo bila kuitikiwa. Siku ya kwanza alidhani mzee hakusikia. Siku ya pili alisogea kabisa kwenye ua wa minyaa uliotenganisha nyumba zao, akapaza sauti: "Shikamoo, mzee!" Mzee Qamara alikuwa amekaa mlangoni kwake anachambua maharage. Alimtazama Zita usoni, kisha akarudisha macho kwenye ungo. Siku ya tatu aliinuka akaingia ndani kabla ile shikamoo haijaisha.

Pale Dongobesh mtu mzima hanyimi mtu marahaba. Hata aliyekamatwa na kuku wa watu, akimwamkia mzee ataitikiwa kwanza ndipo apigwe. Zita alirudi kwenye cherehani yake akiwa hajui la kufikiri. Alipitia moyoni kila alichofanya mwezi ule. Kuku wake hawakuwa wametoka bandani. Maji ya kufulia alimwaga upande wa barabara. Binti yake Marieta alikuwa shule ya bweni, asingeweza kumkosea mtu.

Tena Mzee Qamara alikuwa zaidi ya jirani. Huo ulikuwa mwaka wa pili tangu Manyara ikatwe kutoka Arusha na kuwa mkoa, na umeme ulikuwa ndiyo kwanza umefika senta. Nguzo ilisimikwa upande wa pili wa nyumba ya mzee, kwa hiyo waya wa kwenda kwa Zita usingefika bila kupita juu ya paa lake. Mafundi walimwomba ruhusa. Mzee mwenyewe hakutaka umeme, taa yake ya mafuta ilimtosha, lakini aliwaambia, "Pitisheni. Huyu ndiye anayewashonea watoto wetu sare."

Kwa umeme huo Zita aliifunga cherehani yake mota. Aliipata mjini Arusha, kwenye duka lililojaa vitu kutoka nje, vitu ambavyo enzi za foleni na vibali hakuna aliyeviona. Ilikuwa mota ndogo nyeusi, na kanyagio lake la kuweka chini ya mguu. Tangu mwezi wa nne alikuwa anamaliza kwa siku mbili kazi iliyokuwa inamchukua wiki.

Mzee Qamara naye alikuwa na jambo lake lisiloeleweka, na lilianzia kwenye redio.

Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye josho la ng'ombe. Alipostaafu alijinunulia redio kubwa ya betri, yenye mfuko wa ngozi. Mkewe alipofariki, redio ndiyo ikawa inazungumza ndani ya nyumba. Kila mchana alisikiliza habari, na baada ya habari matangazo ya vifo. Hayo hakuyakosa. Watu walikuwa wanamuuliza nani kafa wapi, naye anawaambia hadi majina ya wajukuu wa marehemu. Zamani nyumba zote za senta zilikuwa zinasikiliza redio hiyohiyo moja, lakini siku hizi vijana walihamia kwenye kanda na zile stesheni mpya za binafsi. Waliobaki na matangazo ya vifo walikuwa wachache, na Mzee Qamara alikuwa wa kwanza wao.

Basi tangu mwezi wa nne redio ile ikawa inanguruma. Inasema vizuri asubuhi, halafu ghafla inavuma kama mtu anayechana turubai. Inanyamaza kidogo, kama inavuta pumzi. Inavuma tena. Mzee alibadilisha betri. Alihamisha waya wa antena kutoka kwenye paa akaufunga kwenye mti. Akaibeba hadi kwa fundi Doris, dada aliyesomea ufundi wa redio chuoni Arusha na kufungua kibanda karibu na soko. Mezani kwa Doris redio iliimba vizuri kabisa.

"Mzee, redio yako haina ugonjwa," Doris alimwambia.

"Inaumwa ikiwa nyumbani."

"Sasa mimi nitaitibuje ikiwa hapa ni nzima?"

Mzee aliirudisha nyumbani, ikanguruma. Akaipeleka mara ya pili, ikaimba. Safari hiyo alimtazama Doris kama mtu anayefichwa kitu, akaondoka bila kuaga.

Siku ya mnada mtu mmoja kutoka Dirma, kule bondeni Hanang, alimshika mkono. "Pole sana, mzee, kwa msiba wa kaka yako."

"Msiba gani?"

Yule mtu ndipo akamweleza. Hhando, kaka yake Mzee Qamara, aliyehamia Dirma na ng'ombe wake zamani, ndugu hao wakiwa bado vijana, alikuwa amekufa. Walikuwa wamemzika siku kumi na moja zilizopita.

Mzee Qamara alisafiri kesho yake. Basili, mtoto mkubwa wa marehemu, alimpokea amesimama, hakumwonyesha kiti. "Baba mdogo, tumekutangazia siku tatu," alisema. "Nilikwenda Katesh mwenyewe kupeleka tangazo. Limesomwa mchana, siku tatu, jina lako kabisa: Qamara wa Dongobesh, Mbulu. Nilisema barua ya nini, baba mdogo hakosi redio. Tumechelewesha mazishi tunakungoja wewe."

"Sikusikia," mzee alisema.

"Wewe?" Basili aliuliza.

Mzee alirudi Dongobesh siku hiyohiyo na kichwa kimevurugika. Redio haina ugonjwa, fundi kasema mara mbili, na hata ikinguruma huwa inanyamaza kidogo, asingekosa kulisikia jina lake. Kwa hiyo ama tangazo halikusomwa na Basili anadanganya ili mzee aonekane ndiye aliyemtupa kaka yake, ama lilisomwa na majirani wakalisikia wakamficha. Alilipindua hili na lile hadi akayaamini yote mawili kwa pamoja. Na kati ya majirani, nani anashinda mlangoni kutwa nzima? Zita.

Siku ya tatu ya kunyimwa marahaba, Zita alipata habari za msiba huo kwa mama mmoja aliyekuja kupima gauni. Alishtuka. Alifunga sukari na majani ya chai kwenye kitambaa, akavuka ua kwenda kutoa pole. Mzee alimwacha amesimama.

"Unashinda hapo mlangoni," alisema hatimaye. "Siku tatu wanasoma jina langu. Hukusikia?"

"Haki ya Mungu sikusikia, mzee. Redio yangu ni mbovu. Tangu mwezi wa nne inavuma tu, nikaifungia sandukuni."

Mzee Qamara alicheka kicheko kikavu. "Na ya kwako pia inavuma? Haya. Nenda, mwanangu."

Zita aliweka sukari kizingitini akaondoka. Alichukizwa, kwa sababu alikuwa amesema kweli tupu na imepokelewa kama kejeli. Alifungua sanduku, akatoa redio yake ndogo, akaenda nayo moja kwa moja kwa Doris ili angalau apate mtu wa kushuhudia kwamba ni mbovu.

Doris aliitia betri. Ikaimba.

"Dada Zita, hii ni nzima."

"Haiwezekani."

"Unajua wewe ni wa pili? Mzee Qamara kaja mara mbili na hadithi hiihii." Doris alizima redio, akafikiri. "Nyie si mnapakana? Twende kwako."

Walifika kwa Zita kukiwa kimya. Redio iliwekwa mezani, ikasema vizuri. Doris aliigeuza kila upande, akaipeleka dirishani, akairudisha. Hakuna kitu. Alianza kuona aibu kwa kuacha kazi zake. Zita naye, kwa kuwa alikuwa na pindo la kumalizia, alikaa kwenye cherehani na kukanyaga.

Redio ilinguruma.

"Ondoa mguu," Doris alisema.

Ikanyamaza, mtangazaji akaendelea na habari za bei ya mazao.

"Kanyaga."

Ikanguruma. Walifanya hivyo mara tano au sita. Kisha Doris alibeba redio nje huku Zita akikanyaga ndani. Zita aliusikia mngurumo ukififia kwenye uwanja, halafu ukapanda tena, mkali kuliko mwanzo. Alitoka kutazama. Doris alikuwa amesimama kwenye minyaa, mkono ameunyoosha juu, redio iko chini ya waya uliokwenda kwenye paa la Mzee Qamara.

"Ndani ya mota kuna vipande viwili vya mkaa vinavyosuguana na shaba," Doris alimweleza. "Vinatoa cheche. Kila cheche inapiga kelele kwenye redio kama mtu aliyeingilia mazungumzo. Kelele inatoka kwenye mota, inaingia kwenye waya, na waya mrefu ukiwa juu unaitawanya."

Zita alikaa kwenye kizingiti. Alihesabu wiki kurudi nyuma. Siku zile tatu za tangazo alikuwa na sare arobaini za shule ya Maretadu za kumaliza. Mchana hakuinua mguu hata wakati wa kula.

"Doris," alisema, "mimi ndiye niliyemfunika Hhando."

"Usiseme hivyo. Ulijuaje?"

Doris alirudi kibandani kwake akaja na pete nyeusi, pana kama mdomo wa kikombe cha chai. Aliitoa kwenye shingo ya kioo cha tivii iliyokufa. Aliupitisha waya wa mota ndani ya pete ile, akauzungusha, akaupitisha tena, mizunguko saba, karibu kabisa na mota.

"Hii ni feraiti," alisema. "Unga wa kutu ya chuma na madini mengine, umechomwa kwenye tanuru kama chungu. Umeme wa kuzungusha mota unapita kama kawaida. Ile kelele ya haraka haraka ndiyo inakwama hapa, inaishia kuwa joto dogo ambalo hata mkono hauwezi kulisikia."

"Ni sumaku?"

"Ni feraiti laini."

Zita aliigonga kwa ukucha. Ilikuwa ngumu kama sahani. "Laini?"

"Laini maana yake usumaku haukai ndani yake. Inaupokea na kuuachia papo hapo. Ile ya kwenye spika ndiyo ngumu, ikishika imeshika. Ila usiiangushe hii, itapasuka."

Zita aliacha kuuliza. Kitu kigumu kinaitwa laini, na laini yenyewe ikianguka inapasuka. Alikanyaga. Redio ilitoa mchakacho mdogo, kama mchele unaomwagwa kwenye sinia mbali, na ndani ya mchakacho huo maneno yote ya mtangazaji yalisikika.

"Haukuisha wote," Doris alisema, "lakini mtu hatakosa jina lake." Alipofika njiani aligeuka. "Dada, umeshatengeneza. Hakuna atakayejua. Mimi ningenyamaza."

Zita alinyamaza siku mbili. Alidhani mzee akipata redio yake atapoa, na moyo wake mwenyewe utapoa. Mambo yakawa mabaya zaidi. Mzee Qamara aliposikia redio imepona bila kuguswa na mtu, kwanza alichanganyikiwa, akaitikisa, akaizima na kuiwasha. Kisha akapata jibu: fundi alisema kweli, redio haikuwa na ugonjwa. Alianza kuwaita wapita njia: "Njooni msikilize! Nzima kabisa! Mnasikia? Kama tangazo lingesomwa ningelisikia!" Akasema ataenda Dirma kumshitaki Basili mbele ya ukoo kwa uongo, na kwamba kuanzia hapo asiitwe tena baba mdogo na mtu wa nyumba ile.

Zita alisikia yote kupitia minyaa, mguu uko juu ya kanyagio. Alichomoa mota kwenye soketi, akavuka ua.

"Mzee, Basili hakudanganya. Tangazo lilisomwa. Cherehani yangu ndiyo iliyolifunika."

Mzee Qamara alimtazama. "Nani kakutuma?"

"Sikutumwa."

"Cherehani iko kwako. Redio iko kwangu. Katikati kuna ua. Unaniona mimi mtoto?"

"Njoo nayo," Zita alisema. Machozi yalikuwa yanamlengalenga na hakutaka yaonekane. "Njoo na redio yako, baba, nakuomba. Halafu unitukane ukitaka."

Mzee alikuja, labda kwa sababu aliitwa baba. Zita aliufungua waya kutoka kwenye pete, mzunguko mmoja mmoja, akamkalisha kwenye kiti chake cha kushonea na kumwonyesha pa kukanyaga. Mzee alikanyaga kwa woga. Redio iliyokuwa magotini mwake ikanguruma, naye akaruka karibu aiangushe. Akakanyaga tena. Akaacha. Akakanyaga. Zita alisimama mlangoni, na mzee akaendelea hivyo kwa muda mrefu, sindano ikitoboa hewa, uso wake ukiwa hauonyeshi hasira wala nafuu.

"Siku zote tatu?" aliuliza hatimaye.

"Siku zote tatu. Nilikuwa na sare arobaini."

"Na mimi ndiye niliyesema wapitishe waya."

"Ndiyo, baba."

Alizima redio. "Nimekwenda kwa yule kijana nikamwita mwongo moyoni mwangu," alisema. "Na majirani. Na yule binti fundi." Alifikiri tena. "Siwezi kwenda kumweleza Basili jambo hili peke yangu. Mimi mwenyewe nimelikanyaga kwa mguu wangu na bado sijalielewa. Utanisindikiza."

Walikwenda Dirma Jumamosi. Zita aliifunga pete kwenye kanga akaishika mapajani njia nzima, mzee akimsimulia jinsi Basili alivyompokea safari ile, amesimama uwanjani. Basili aliwakuta uwanjani wakiwa wamesimama na mama yake, Helena, mjane wa Hhando, mwanamke mrefu aliyekuwa ametandika ngozi kivulini. Zita alimwamkia, akaitikiwa, wakaketi, wakapewa maji. Kisha Mzee Qamara akaanza kueleza.

Alieleza vibaya. Alisema cherehani ya Zita ilikuwa inakula maneno ya redio, na pete nyeusi imeizuia isile. Zita akamrekebisha: cherehani haili maneno, inapiga kelele ambayo mtu hawezi kuisikia kwa masikio, redio tu ndiyo inaisikia. Basili akauliza kelele gani hiyo isiyosikika. Zita akasema ya cheche. Mzee akasema inapita kwenye waya. Basili akauliza waya gani unaounganisha cherehani na redio ya betri. Zita akasema hakuna waya unaoziunganisha, waya unapita juu ya paa tu. Basili akamtazama mama yake.

"Nionyesheni basi," alisema.

Dirma hakukuwa na umeme. Walichokuwa nacho ni pete. Basili aliichukua, akaipima uzito mkononi, akauliza kama ni sumaku. Mzee akasema ni aina ya sumaku, Zita akasema si hasa, ni laini. Basili akatoa msumari kwenye mlango wa zizi akausogeza kwenye pete. Msumari haukushikwa. Akaujaribu ndani ya pete, ukaanguka mavumbini.

"Sumaku gani hii isiyoshika hata msumari?" aliuliza. Hakuwa akidhihaki. Alitaka kujua, na hilo lilimfanya Zita ajisikie vibaya zaidi. Alijaribu kukumbuka maneno ya Doris. Yalikuwa yamesafiri vibaya, yamefika vipande vipande.

Mbuzi walilia nyuma ya nyumba. Mzee Qamara alikuwa amekaa ameinamisha kichwa.

Helena alinyoosha mkono akapewa pete. Hakuitazama sana. Aliiweka kando yake kwenye ngozi.

"Wewe mama," alimwambia Zita, "una undugu gani na shemeji yangu?"

"Hakuna, mama. Mimi ni jirani yake."

"Umeacha kazi yako."

"Ndiyo."

"Umekuja hapa kusema kosa ni lako, kwa watu usiowajua."

"Ndiyo, mama."

Helena aligeuka kwa mwanawe. "Mtu anayedanganya huleta uongo unaoeleweka," alisema. "Angesema alikuwa anaumwa. Angesema redio iliibiwa. Hawa wamepanda mabasi mawili na neno ambalo hata wao linawashinda. Mimi nawaamini." Kisha akasema na Mzee Qamara kwa Kiiraqw, taratibu, na Zita, ingawa alielewa kila neno, aliangalia pembeni. Helena alimwambia mzee kwamba Hhando siku za mwisho alimuulizia, na kwamba hakumuulizia kwa hasira.

Mzee alilia. Alilia kama watu wa umri wake wanavyolia, bila sauti, amefunika uso kwa kofia yake. Helena akainuka, akamshika mkono, wakaenda wawili hadi nyuma ya zizi lilipokuwa kaburi. Wakakaa huko.

Ikaamuliwa mzee abaki Dirma wiki nzima. Zita alikuwa na kazi ya watu, akaaga. Basili alimsindikiza hadi barabarani, nusu saa ya mwendo, na karibu nusu saa nzima alikuwa anauliza. Je, mashine ya kusaga nayo inafanya hivyo? Je, pikipiki? Je, huko mijini kwenye mota nyingi watu wanasikiaje redio? Zita alijibu anachojua, ambacho kilikuwa kidogo, na mara mbili alijipinga mwenyewe. Alichoka, akasimama.

"Basili, ndugu yangu, mimi ni mshonaji. Ninachojua ni kwamba siku zile redio ya mzee ilinguruma tu. Jina lake lilisomwa, na hakulisikia."

Basili naye akasimama. Alikunja uso kama mtu aliyetafuta kitu nyumba nzima na sasa anaambiwa kiko mkononi mwake.

"Kwa hiyo mnachosema ni kwamba hakusikia," alisema.

"Ndiyo."

"Hakusikia tu."

"Hakusikia tu."

"Si mngesema hivyo tangu asubuhi!"

Zita alitaka kumwambia kwamba mzee alisema hivyo siku ya kwanza kabisa, uwanjani pale pale, akiwa hajapewa kiti. Lakini basi lilikuwa limeanza kuonekana na vumbi lake, na Basili alikuwa tayari amenyoosha mkono kulisimamisha.